Sindano ikishatoka mwilini: mwongozo wa kuzuia maambukizi ya damu katika zahanati zetu za Kusini

Nilijichoma usiku wa Jumamosi, mwaka wangu wa pili kazini, katika zahanati moja juu ya uwanda wa Makonde, mkoani Mtwara, kusini mwa Tanzania. Umeme ulikuwa umekatika. Mama ameshajifungua salama, mtoto analia vizuri, na bibi mzaa mama ndiye aliyenishikia tochi ya simu. Nikamchoma mama sindano ya oksitosini pajani, nikainua macho kutafuta boksi la sindano, nikaliona kule mlangoni, hatua saba au nane kutoka kitandani. Nikajisemea, ngoja niifunike kwanza. Kifuniko mkono wa kushoto, bomba mkono wa kulia. Tochi ikatikisika kidogo, sindano ikapita pembeni ya kifuniko ikaingia kwenye ncha ya kidole cha shahada. Chini ya glovu nikaona tone jekundu linatanda taratibu.

"Nesi, mwanangu," bibi akasema, "damu hiyo ya nani?"

Wenzangu waliita bahati mbaya. Bahati mbaya ni nazi kukudondokea unapita njia. Boksi lilikuwa mlangoni kwa sababu asubuhi ile kulikuwa na kliniki ya watoto, likasogezwa huko kwa ajili ya chanjo, na jioni hakuna aliyelirudisha, mimi nikiwemo. Mwongozo huu nimeuandika kwa kuifuata sindano tangu inatolewa kwenye karatasi yake hadi inapokuwa majivu, kwa sababu humo njiani ndimo tunamoumizana.

Nauandikia hasa zahanati na vituo vya afya vya aina ninayoijua: Newala, Tandahimba, Nanyumbu, Liwale, Kilwa vijijini, watumishi wawili au watatu, maji ya dumu wakati wa kiangazi, umeme unaokuja na kuondoka. Aliye kwenye hospitali kubwa kama Ligula pale Mtwara mjini, Sokoine ya Lindi, Ndanda au Nyangao ana vifaa na watu zaidi, ila hatua ni hizihizi.

Unajikinga na nini

Virusi vitatu ndivyo vinavyotuhusu zaidi: homa ya ini B, homa ya ini C na VVU. Kaswende nayo hupita kwenye damu. Sisi sote tunaogopa VVU kuliko vyote, na hapo ndipo tunapokosea hesabu. Mtumishi akijichoma sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU, uwezekano wa kuambukizwa ni kama 3 katika 1,000. Homa ya ini C ni chini ya 2 katika 100. Homa ya ini B, kwa mtu ambaye hajachanjwa, ni kuanzia 6 hadi 30 katika 100, kutegemea wingi wa virusi kwenye damu ya mgonjwa. Tena kirusi hicho cha B huweza kubaki hai kwenye damu iliyokauka siku 7 na zaidi. Ule mpira wa kumfungia mgonjwa mkono wakati wa kutafuta mshipa, wenye doa la kahawia ambalo hakuna anayekumbuka ni la lini, uangalie upya leo.

Hatua ya kwanza: chanjo yako mwenyewe

Chanjo ya homa ya ini B ni dozi tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita tangu ile ya kwanza. Tanzania iliiingiza kwenye chanjo za watoto mwaka 2002, kwa hiyo kama ulizaliwa kabla ya hapo, usijidanganye kwamba ulichanjwa utotoni. Pima kwanza, ukiwa huna maambukizi anza dozi, na kadi yako itunze kama unavyotunza cheti cha shule. Homa ya ini C haina chanjo. VVU havina.

Mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, anayesoma hapa: orodha ya wanaohitaji chanjo ianze na mhudumu wa usafi. Katika vituo vingi nilivyopita yeye ndiye wa mwisho kuandikwa, wakati ndiye anayebeba kila tulichotupa.

Hatua ya pili: damu zote ni moja

Usimkadirie mgonjwa kwa sura. Mwalimu mkuu, mama mchungaji, bibi wa miaka 70, mtoto wa mfanyakazi mwenzako, damu yao ishike kwa tahadhari ileile unayomshikia mtu usiyemjua. Nimeona mtumishi akivaa glovu mbili kwa mgonjwa aliyetoka kliniki ya tiba na matunzo ya watu wenye VVU, kisha akamtoa damu shangazi yake kwa mikono mitupu kwa sababu "huyu ni wa kwetu". Mgonjwa wa kliniki ile anayemeza dawa vizuri na virusi vyake havionekani tena kwenye kipimo huenda ana hatari ndogo kuliko shangazi ambaye hajawahi kupima.

Hatua ya tatu: punguza sindano

Huku kwetu mgonjwa asiyechomwa sindano huona hajatibiwa. Mzee anatoka kijijini kwake, amepanda bodaboda kwa nauli ya maana, anakaa kwenye benchi na kusema: "Mjukuu wangu, nichome sindano nirudi nikapalilie." Kumpa vidonge vinavyofanya kazi ileile kunahitaji dakika tano za maneno, na dakika hizo huwa hatuna, kwa hiyo tunachoma. Zitafute. Kama mgonjwa anameza na hatapiki, na ugonjwa wake hauhitaji sindano, mpe vidonge. Humo tayari umeondoa hatari kwake, kwako na kwa atakayebeba taka.

Hatua ya nne: boksi lije kwako

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipoumia.

Kabla ya kuchoma, kabla hata ya kuvunja chupa ya dawa, nyosha mkono wako ambao hautashika bomba. Boksi la sindano liwe pale kidole kinapofika. Kama huligusi, huko tayari kuchoma. Sheria hii niliifanya kama mchezo na wanafunzi wa uuguzi waliokuja mazoezini, kila mmoja ananyosha mkono kabla ya kuanza, na baada ya wiki moja mkono ulikuwa unanyoka wenyewe.

Kituo chenye chumba cha sindano, leba, maabara na kliniki ya mama na mtoto kinahitaji maboksi yasiyopungua manne. Boksi moja la kuhamahama ndilo linaloishia mlangoni. Liweke juu ya meza au kwenye kishikio ukutani, usawa wa kiuno hivi, lisiwe sakafuni ambako mtoto anatambaa na kuingiza mkono. Likunje vizuri unapolifungua jipya, maana lililokunjwa vibaya huachia chini.

Ukishachoma:

1. Usifunike sindano. Usiipinde, usiivunje, usiitenganishe na bomba kwa mkono.
2. Bomba na sindano yake vikiwa pamoja, viingie kwenye boksi mara moja, sindano ikitangulia.
3. Usisukumize kwa kidole. Kama haingii, boksi limejaa.
4. Boksi likifika robo tatu, lifunge, libandike utepe, andika tarehe na chumba, anza jingine. Boksi la lita 5 huchukua mabomba kama 100, ila usihesabu mabomba, angalia mstari.
5. Usimwage boksi ili ulitumie tena. Najua maboksi huchelewa kuja. Yakiisha, tumia chombo kigumu cha plastiki chenye kifuniko cha kuzungusha, kama dumu tupu la JIK, kiandike kwa kalamu nene "SINDANO", nacho kichomwe pamoja na vilivyomo.

Kuna wakati huna budi kufunika, kwa mfano umevuta dawa na unasubiri mgonjwa apandishwe kitandani. Laza kifuniko mezani, weka mkono mmoja nyuma ya mgongo, na kwa mkono uliobaki sukuma sindano ichote kifuniko chenyewe. Kikishaingia, inua bomba wima, kisha ndipo ukibane. Mkono wa pili haukaribii kabla ya hapo. Jizoeze kwa sindano mpya, siyo usiku na tochi ya mtu.

Chupa za dawa zinazotumiwa na wagonjwa wengi, kama ya ganzi, zina mtego wao. Usiache sindano imechomekwa kwenye mpira wa chupa ili kila anayekuja achomeke bomba lake. Kila ukivuta, bomba jipya na sindano mpya. Damu kidogo sana, isiyoonekana, ikirudi kwenye chupa hiyo, umeigawa kwa wote waliobaki kwenye foleni.

Kidole cha malaria

Mikoa yetu malaria bado ni nyingi, na kwa siku moja ya mvua zahanati inaweza kuchoma vidole vya watu kwa makumi. Kile kisindano kidogo cha kutobolea kidole hatukiogopi kwa sababu ya udogo wake. Lakini ndicho kinachoachwa mezani juu ya karatasi ya kipimo, ndicho kinachookotwa na mtoto aliyeletwa na mama yake. Mtu mmoja, kisindano kimoja, boksi. Glovu mpya kwa kila mtu, maana glovu uliyoshikia vidole kumi imeshakuwa na damu ya watu kumi. Wakichomwa wote kwenye meza moja, weka boksi upande wa mkono unaotobolea, ili usivuke juu ya mkono wa mgonjwa.

Mikono na maji

Glovu haziondoi kunawa. Nawa kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi safi, baada ya kugusa damu au majimaji, baada ya kumgusa mgonjwa na baada ya kugusa vitu vyake. Sabuni na maji yanayotiririka sekunde 40 hadi 60. Kitakasa mikono chenye spiriti sekunde 20 hadi 30, mikono ikiwa haina uchafu unaoonekana. Yenye damu inataka maji na sabuni.

Maji yasiwe kisingizio hata Newala mwezi wa kumi. Ndoo yenye bomba chini, au kibuyu chirizi cha dumu la lita 5 na kamba ya kukanyaga, kinatosha kunawisha chumba kizima asubuhi nzima. Beseni la maji ambalo kila mtu anachovya mikono, pamoja na lile taulo moja linaloning'inia, viondoe leo.

Msimu wa korosho una jambo lake. Watumishi wengi tuna mashamba, na jioni tunabangua. Mafuta ya ganda yanababua ngozi, unakuja kazini na vidole vyenye malengelenge na nyufa. Huo ni mlango wazi. Funika kila jeraha kwa plasta isiyopitisha maji kabla ya kuvaa glovu, na kama mikono yote imeharibika, omba wiki hiyo upangiwe kazi isiyogusa damu. Mfawidhi mwenye busara ataelewa. Naye pengine anabangua.

Leba

Damu nyingi kuliko zote katika zahanati iko hapa, na inakuja ghafla. Vaa kabla mama hajaanza kusukuma: aproni ya plastiki, miwani ya kukinga, barakoa, viatu vilivyofunika vidole. Kandambili leba hapana. Glovu mbili mbili zinafaa wakati wa kushona, maana sindano ikipenya tabaka mbili hufutwa sehemu ya damu iliyoibeba. Kama unalazimika kuingiza mkono kutoa kondo la nyuma, tumia glovu ndefu zinazofika kiwiko.

Kukata kitovu: ukishabana sehemu mbili kwa vibanio, funika sehemu unayokata kwa gozi, kata chini ya gozi hilo. Bila hivyo damu iliyobanwa katikati huruka moja kwa moja usoni. Nimemwona mkunga mzoefu, miaka ishirini kazini, akijifuta jicho kwa mkono wa koti na kuendelea. Jicho ni njia kama kidonda.

Kushona msamba: shika sindano kwa koleo, usiishike kwa vidole, inua nyama kwa koleo jingine, usiingize kidole chako kuitafuta ncha ya sindano inapotokea. Taa iwepo. Kama hakuna umeme, nunua tochi ya kuvaa kichwani, ile wanayovaa wavuvi wa usiku. Mimi sasa ninayo yangu, haimtegemei bibi wa mtu. Kifaa chenye ncha usimkabidhi mwenzako mkononi. Kiweke kwenye trei katikati, sema "sindano" au "mkasi", naye akichukue kutoka kwenye trei.

Kondo la nyuma liende kwenye shimo lake lenye kifuniko. Familia ikiomba kwenda kulizika, zungumza nao kwa heshima. Ukiwapa, liwe kwenye mfuko mzito usiovuja, waelezwe wasiliguse kwa mikono mitupu na walifukie kina kirefu, mbali na kisima.

Damu ikimwagika

Usikimbilie tambara na maji. Tambara litaisambaza chumba kizima. Vaa glovu nzito, funika damu kwa pamba au vitambaa vya kutupa, mimina juu yake maji ya klorini ya asilimia 0.5, subiri dakika 10, kusanya vyote kwenye taka zenye maambukizi, kisha piga deki kwa maji na sabuni.

Klorini hiyo inachanganywa hivi. Soma kwanza kibandiko cha chupa. Kama JIK imeandikwa asilimia 3.5, weka kopo moja la JIK kwa makopo sita ya maji. Kama imeandikwa asilimia 5, kopo moja kwa makopo tisa. Kopo ni lolote, ila liwe lilelile. Kwa unga wa klorini wa asilimia 65 hadi 70, ni gramu 7 hivi kwa lita moja. Wa asilimia 35, gramu 14. Changanya mapya kila siku, andika saa kwenye ndoo, ifunike. Joto la Lindi na jua la dirishani huimaliza nguvu klorini, kwa hiyo stoo ya JIK iwe chumba chenye baridi kuliko vyote, siyo kabati lililo chini ya bati. Usiichanganye na dawa nyingine ya usafi kwenye ndoo moja, hasa zile zenye amonia au tindikali. Mvuke wake unaumiza mapafu.

Vifaa vya kutumia tena

Wengi wetu tulifundishwa kuviloweka kwenye klorini dakika 10 kabla ya kuosha. Shirika la Afya Duniani halipendekezi tena hivyo: klorini hula chuma, na damu nayo huidhoofisha klorini. Kinachotakiwa ni vifaa visikaukie damu, vilowekwe kwenye maji yenye sabuni, vioshwe kwa brashi vikiwa ndani ya maji ili visikurukie, vifunguliwe maungio yote, visuuzwe, vikaushwe. Anayeosha avae glovu nzito za mpira, aproni na miwani. Kama kituo chako bado kina ndoo ya klorini, lisemeni kwenye kikao na mratibu wa wilaya, msibishane mbele ya karai.

Baada ya kuosha ndipo kutakasa. Kwenye mtungi wa mvuke, nyuzi 121 za Selsiasi: dakika 20 kwa vifaa visivyofungwa, dakika 30 vikiwa vimefungwa kwenye kitambaa. Saa huanza kuhesabiwa mshale ukishafika, siyo unapowasha jiko. Mitungi mingi ya zahanati hukalia mkaa au gesi, na moto ukishuka katikati, unaanza upya kuhesabu. Tanuri kavu ni nyuzi 170 kwa saa moja au 160 kwa saa mbili. Kuchemsha dakika 20 huua virusi tunavyovizungumzia, lakini hakuui mbegu za bakteria kama za pepopunda, kwa hiyo kunabaki kuwa njia ya dharura. Kilicho na damu iliyoganda kwenye meno ya koleo hakijatakasika hata ukikipika kutwa.

Taka, na anayezibeba

Ndoo za rangi zina maana: nyeusi au bluu kwa taka za kawaida, njano kwa taka zenye maambukizi, nyekundu kwa zile zilizolowa damu na viungo vya mwili. Sindano haiingii kwenye ndoo yoyote kati ya hizo.

Nilifanya kazi na mama mmoja wa usafi ambaye alikuwa na desturi ya kubeba mfuko wa taka akiuegemeza pajani, kanga imefungwa juu ya gauni. Siku moja alisimama ghafla katikati ya uwanja, akautua mfuko taratibu, akapandisha kanga akaangalia paja. Kijitone kimoja. Hakusema kitu. Aliendelea na safari yake hadi shimoni, akachoma taka, akarudi, akadeki. Tulijua siku tatu baadaye, alipouliza kwa kuzunguka kama "mtu" akichomwa na sindano ya takani inakuwaje. Saa 72, muda wa mwisho wa kuanza dawa kinga za VVU, zilikuwa zimekaribia kuisha. Hakunyamaza kwa ujinga. Alinyamaza kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba jambo hilo linasemwa, na aliogopa kuonekana amefanya kazi vibaya.

Kwa hiyo: mfuko hubebwa kwa shingo yake, mbali na mwili, au kwa ndoo yenye mpini. Usijazwe zaidi ya robo tatu. Mhudumu avae mabuti na glovu nzito, siyo zile za kupimia wagonjwa. Na afundishwe kwa lugha anayoielewa, akiwa amekaa kwenye kiti kama wengine, mambo yaleyale mnayofundishwa semina.

Kichomea taka kikiwa kwenye kituo cha jirani, maboksi yapelekwe yakiwa yamefungwa utepe, yamesimama wima ndani ya ndoo kubwa yenye kifuniko, siyo yamefungwa kwa mpira nyuma ya bodaboda bila chombo cha kuyakinga. Mnaochoma shimoni, wekeni uzio na kifuniko. Mvua zetu zikianza Novemba au Desemba hazina mchezo hadi Aprili: shimo lisilo na tuta pembeni hujaa, na mabomba yaliyoungua nusu huelea hadi kwenye shamba la mihogo la jirani. Jengeni tuta kabla ya mvua ya kwanza.

Nje ya uzio wa kituo

Likizo za shule huku ni majira ya jando. Wavulana wakiletwa zahanati, seti moja ya vifaa kwa mtoto mmoja, na kama seti ni tano, wanaotahiriwa siku hiyo ni watano. Wa sita arudi kesho hata kama ngoma imeshapigwa. Watakaobaki kumbini na ngariba, nendeni mkaongee naye mapema kupitia mwenyekiti wa kijiji, mkiwa na wembe mpya na glovu mkononi, siyo na vitisho. Ombi ni moja: wembe mmoja, mtoto mmoja. Vivyo hivyo kwa mganga anayechanja chale.

Na mgonjwa akihitaji damu, ndugu wasiingie chumbani kutoa papo hapo bila vipimo. Damu inayopitia Mpango wa Taifa wa Damu Salama hupimwa VVU, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende.

Ukijichoma, au damu ikikurukia

Papo hapo: vua glovu, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni. Usikamue, usinyonye, usimwagie JIK wala spiriti. Jichoni au mdomoni, suuza kwa maji safi mengi kwa dakika 10 hadi 15.

Kisha mwambie mtu. Mkabidhi mgonjwa kwa mwenzako, toa taarifa, andika kwenye daftari la matukio: saa, sindano ya aina gani, ilikuwa imetoka wapi, glovu zilikuwepo au la. Mgonjwa aombwe ridhaa apimwe VVU na homa ya ini B na C. Wewe nawe pimwa siku hiyohiyo, ili ijulikane ulianzia wapi.

Kama mgonjwa ana VVU au hali yake haijulikani, dawa kinga zianze haraka iwezekanavyo, ndani ya saa 2 ikiwezekana, na zisizidi saa 72. Usingoje majibu ili uanze. Majibu yakija safi, utaacha. Zinamezwa siku 28 bila kuruka, mara nyingi kidonge kimoja kwa siku chenye dawa tatu ndani yake. Kichefuchefu cha siku za mwanzo hupungua ukimeza baada ya chakula. Kama hujachanjwa homa ya ini B, anza chanjo ndani ya saa 24 ikiwezekana. Vipimo vya VVU hurudiwa wiki ya 6 na mwezi wa 3, na muda huo tumia kondomu na usitoe damu.

Usiku wangu ule, saa tatu, kadi ya kliniki ya mama haikuwa na majibu ya karibuni na vipimo vya haraka vilikuwa vimekwisha. Dawa kinga zilikuwepo, kabatini, na ufunguo ulikuwa Masasi mfukoni mwa aliyekwenda msibani. Nilipanda bodaboda kwenda wilayani, nikameza kidonge cha kwanza saa saba usiku, saa nne baada ya kujichoma. Majibu ambayo mama yule aliyapata Jumatatu ni yake, siyaandiki hapa.

Tangu hapo, kila kituo ninachohamia, siku ya kwanza nauliza dawa kinga ziko wapi na nani ana ufunguo Jumapili. Hapa nilipo sasa, dozi za kuanzia za siku tatu ziko kwenye droo ya leba, ndani ya kopo la maziwa lenye kifuniko, pamoja na namba ya simu ya hospitali ya wilaya na ya bodaboda anayekubali kuamshwa usiku. Droo haina kufuli. Tarehe ya kuisha kwa dawa imeandikwa juu ya kopo kwa kalamu nyekundu, na mama wa usafi ndiye anayeikagua kila mwisho wa mwezi.